Muyaka bin Haji: Maisha Yaliyohifadhiwa Vinywani mwa Watu

Katika historia ya ushairi wa Kiswahili, jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy hutangulia mengi kila inapotajwa Mombasa. Mwanafunzi wa leo hukutana naye kwenye kitabu, akamsoma kama anavyowasoma washairi waliochapisha diwani zao wenyewe. Hata hivyo, Muyaka hakuchapisha chochote. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miaka mingi baada ya kufa kwake, zikiwa zimefungamana na visa vilivyozizaa. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia jambo hilo, kwani ndilo lenye funzo kubwa kwetu sisi tunaosoma na kufundisha lugha hii.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani uliokuwa umekataa kuwatii watawala wa nchi hiyo. Wenyeji wa mji walijigawa katika makundi mawili: Tisa Taifa kwa upande mmoja, na Thelatha Taifa kwa upande wa pili, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Anayesimama leo ufuoni Mtongwe, katika bara ya kusini, huuona upande wa Kilindini ukimkabili ng'ambo ya maji, mahali palipo na bandari kubwa ya Kenya. Zamani za Muyaka, maji hayo yalikuwa njia ya kila siku. Watu wa kisiwani walikuwa na mashamba bara, na Thelatha Taifa walikuwa na ujamaa wa karibu na Wadigo na Waduruma. Nafaka ilivuka kuja mjini, na habari zikavuka nayo, za kisiwani zikienda bara na za bara zikija kisiwani. Katika mji wa namna hiyo, mtu mwenye kauli nzuri hakukosa wasikilizaji.

Muyaka alikuwa mfanyabiashara, na maisha yake yalikuwa na kupanda na kushuka kama yalivyo maisha ya wengi wanaotegemea bahari na soko. Alijua raha ya kuwa na mali, akajua pia uchungu wa kupungukiwa na kuwaona marafiki wakipungua pamoja na mali hiyo. Mambo hayo yote aliyatungia. Alitunga juu ya mapenzi na ugomvi wa nyumbani, juu ya urafiki na usaliti, juu ya safari, na juu ya mafumbo ambayo wenzake walitakiwa kuyafumbua. Kabla yake, sehemu kubwa ya ushairi ulioandikwa katika upwa huu ilikuwa tenzi za dini na maadili. Yeye alilichukua shairi la beti za mishororo minne, lenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo, akalitumia kuzungumzia yaliyokuwa yakitokea mjini siku hiyohiyo. Ndiyo sababu wahakiki humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Aidha, Muyaka alikuwa msemaji wa mji wake katika siasa. Yapata mwaka wa 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yaliivamia Lamu na kushindwa vibaya katika vita vya Shela. Washairi wa pande zote mbili walijibizana kuhusu uhasama huo, na kwa upande wa Lamu mmoja wa mahasimu wa Muyaka alikuwa Bwana Zahidi Mgumi. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na tangu hapo Wamazrui wakawa wanakabiliana na adui mwenye merikebu nyingi kuliko zao. Mwaka wa 1824 waliweka bendera ya Uingereza kwa makubaliano na nahodha William Owen, lakini serikali ya Uingereza haikuyakubali, na ulinzi huo ukakoma mwaka wa 1826. Luteni John James Reitz, aliyeachwa Mombasa kuusimamia, alifariki muda si mrefu baada ya kuwekwa hapo. Hori pana lililo magharibi ya Mtongwe lingali linaitwa Port Reitz. Jina limedumu kwenye ramani kwa karibu miaka 200, ilhali wengi wanaolitamka kila siku hawakusimuliwa kisa chake.

Sayyid Said aliishambulia Mombasa mwaka wa 1828, na akarudi tena na tena katika miaka iliyofuata. Muyaka alisimama na Wamazrui kwa tungo za kuwatia watu moyo na za kumkejeli adui. Hata hivyo, mji ulikuwa umeanza kupasuka kwa ndani. Baadhi ya wazee wa Thelatha Taifa walimwelekea Sayyid Said, na mwaka wa 1837 Ngome ikaangukia mikononi mwake. Viongozi wa Wamazrui walikamatwa na kupelekwa mbali, na jamaa zao waliosalia wakahamia Gasi kusini na Takaungu kaskazini. Muyaka aliishi kuyaona hayo yote, akafariki yapata mwaka wa 1840. Upande alioutetea ulikuwa umeshindwa, na mlinzi wake hakuwapo tena.

Kwa kawaida, historia ya walioshindwa huandikwa na walioshinda. Kwa Muyaka haikuwa hivyo, na sababu yake ni wasikilizaji. Waliozisikia tungo zake utotoni waliendelea kuzisema, na walipozisema walieleza pia nani aliambiwa, kwa kosa gani, na fumbo lilikuwa na maana gani. Pasipo maelezo hayo, beti nyingi za Muyaka zingekuwa kama mlango uliofungwa na ufunguo ukapotea, kwani hutaja watu kwa mafumbo na kudokeza visa vilivyojulikana na wote siku hizo.

Katika miaka ya 1880 alitokea mtu aliyeithamini hazina hiyo kabla haijazikwa. Huyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa. Alishirikiana na mmishonari William Edward Taylor, aliyefika katika eneo hili mwaka wa 1880, katika kuzikusanya na kuziandika tungo za Muyaka pamoja na maelezo yake. Hesabu yake ni nyepesi: kijana wa miaka 20 wakati Muyaka anafariki alikuwa amefika miaka 60 hivi katika mwaka wa 1880. Waliomsikia mshairi kwa masikio yao walikuwapo bado, ila hawangekuwapo kwa muda mrefu. Mwalimu Sikujua mwenyewe alifariki mwaka wa 1890. Lau kazi hiyo ingeahirishwa kwa miaka 20 tu, huenda Muyaka angebaki jina lisilo na tungo.

Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. William Hichens alizitumia kuchapisha diwani ya Muyaka mwaka wa 1940 kupitia chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz, mzaliwa wa Mombasa, akatoa kitabu kinachozifafanua tungo hizo pamoja na historia yake. Hivyo basi, kila anayemsoma Muyaka leo anasoma pia kazi ya wasikilizaji wa vizazi vitatu.

Tunajifunza nini? Kwanza, kusikiliza ni kazi ya kitaaluma. Mwalimu Sikujua aliweza kuuliza maswali yanayofaa kwa sababu alijua lugha ya Kimvita, desturi za mji na kanuni za utunzi. Pili, kisa na utungo havitenganishwi bila hasara, na anayekusanya kimoja akaacha kingine amechukua nusu. Tatu, kilichosalia ni kile kilichoulizwa. Muyaka alitunga sana juu ya wanawake, lakini majibu ya wanawake hao hayakutufikia kwa kiwango hicho. Aidha, baadhi ya tungo zinazobeba jina lake huenda ni za wengine, kwani kumbukumbu ya mji humpa mashuhuri hata kisicho chake. Msikilizaji mwema hana budi kupenda anachosimuliwa na wakati huohuo kukipima.

Mafunzo haya si ya zamani tu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwavusha abiria kwenda kisiwani, na watu 272 wakafariki. Idadi hiyo imeandikwa. Lakini nani alikuwa akienda kazini, nani alibadilishana zamu, nani aliokolewa na mkono wa nani, na nyimbo gani ziliimbwa matangani, hayo yamo vifuani mwa wazee na watu wazima wa Mtongwe na Likoni. Zaidi ya miaka 30 imepita. Tunaukaribia umbali ule uliokuwapo kati ya kifo cha Muyaka na kalamu ya Mwalimu Sikujua, na kila mwaka wasimulizi wanapungua.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina vijana wanaotoka Likoni, Kisauni na Changamwe, wanaoijua lugha ya huko na wanaoweza kuketi na wazee kwa heshima inayostahili, wakiomba ruhusa na kukubali kunyamaza pale msimulizi anaponyamaza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aende, aulize, aandike, kisha airudishe kwa wenyewe waisikie. Muyaka alipata mtu wa namna hiyo miaka 40 baada ya kufa. Waliofikwa na msiba wa Mtongwe wangali hai, na wanastahili kumpata mapema zaidi.