Jaramogi Oginga Odinga na Khofu ya Biashara

Mzaliwa huyu wa Bondo, wa mwaka 1911, alikuwa mwalimu Maseno, na mshahara wake ni wa hakika. Lakini aliona, nasi twamkubali, kuwa maradhi makubwa ya watu wake ni kujidharau: wameamini kwamba duka na daftari la hesabu si kazi ya Mwafrika. Akauacha ualimu. Mwaka 1947 ikaandikishwa kampuni ya Waluo ya akiba na biashara, naye akazunguka akiwaomba watu wanunue hisa. Wengi walikhofu fedha zao zitapotea. Makosa yalikuwako, wala hatuyafichi. Hata hivyo jengo la Ramogi likasimama Kisumu, mji ambao maduka yake mengi yalikuwa ya Wahindi. Akafia mumo humo Kisumu, Januari 1994.