Doom ana ngome yake Latveria, Mombasa tulikuwa na Yusuf bin Hasan

Kama wewe ni shabiki wa muvi za Marvel, bila shaka umeshabishana na wenzako kuhusu Avengers: Doomsday. Filamu hiyo imepangiwa kuingia kumbini Desemba 2026, na tangu Julai 2024, Robert Downey Jr. alipotangazwa kule San Diego kuwa ndiye atakayemwigiza Doctor Doom, mashabiki hawajalala. Kuna wanaosema huyu ni Tony Stark wa dunia nyingine. Wengine wanashikilia kwamba ni Victor von Doom yule yule wa vitabu vya vibonzo. Kuna na wale wanaouliza swali zito zaidi: tutaonyeshwa utoto wake, ama ataletwa tu kama adui wa kuchapwa?

Swali hilo lina maana kwa sababu Doom bila utoto wake si Doom. Kwenye vibonzo alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, katika toleo la 5 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Chimbuko lake lilisimuliwa kwa urefu miaka miwili baadaye. Baba yake, mganga maskini wa Latveria, alikosana na mkubwa wa nchi, akatoroka na mwanawe, akafa kwa baridi huku amemkumbatia mtoto asigande. Yule mtoto akakua, akapelekwa ng'ambo kusoma, akarudi nyumbani na ujuzi wa wageni, akatwaa kiti na ngome. Tangu hapo mashabiki wanagombana: ni dhalimu, ama ni mtoto aliyedhulumiwa?

Sasa toa Latveria, weka kisiwa cha Mvita. Toa kasri la Doom, weka Fort Jesus, ile ngome unayoipita ukielekea Mji wa Kale. Utapata stori ya mtu aliyeishi kweli, miaka zaidi ya 300 kabla ya Marvel kuwepo. Jina lake Yusuf bin Hasan. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia.

Baba aliyeuawa

Ili umwelewe Yusuf, lazima uanze na babu yake. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, walihitaji mtu wa kukalia kiti cha Mombasa. Ukoo wa zamani wa watawala wa Mvita ulikuwa umekwisha nguvu. Wareno wakamleta rafiki yao wa siku nyingi, Sultan Ahmad wa Malindi. Kwa hivyo weka hili akilini: ukoo wa Yusuf haukuingia kisiwani kama maadui wa Wareno. Uliingia kama washirika wao.

Lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye nayo haudumu. Mwana wa Ahmad, Hasan bin Ahmad, aliporithi kiti aliona mapema kwamba usultani wake ni wa jina tu. Kulikuwa na mivutano juu ya mapato ya forodha na juu ya Pemba, na kila kapteni mpya wa ngome alijifanya yeye ndiye mwenye mji. Mwaka 1614 mambo yalichacha. Hasan akaona maisha yake yako hatarini, akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi. Wareno wakawahonga watu kule kule bara, Sultan akauawa. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India.

Aliacha mtoto wa kiume wa takriban miaka 7. Huyo ndiye Yusuf.

Miaka ya Goa

Wareno hawakumuua mtoto. Walifanya jambo la ujanja zaidi: walimchukua. Yusuf akapakiwa melini, akavushwa Bahari ya Hindi hadi Goa, akatiwa mikononi mwa watawa wa Shirika la Augustino. Akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo. Akajifunza Kireno, dini ya Kikristo na adabu za wakubwa wa Ulaya. Alipokuwa kijana akatumika na majeshi yao ya baharini, akajua jinsi mizinga inavyofanya kazi. Akaoa mke Mkristo. Akatunukiwa heshima ya kuwa shujaa wa Shirika la Kristo, cheo ambacho Wareno wenyewe walikililia.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Unalelewa na watu wa dola iliyomuua baba yako. Wanakulisha, wanakusomesha, wanakusifu. Kila siku unaitwa kwa jina ambalo baba yako hakukupa. Doom ana barakoa ya chuma. Wewe una jina la Jerónimo. Tofauti ni kwamba barakoa ya Doom kila mtu anaiona.

Hesabu ya Wareno ilikuwa rahisi: tukimlea huyu, tutapata mfalme wa Mombasa mwenye damu ya ukoo wa kule na moyo wa huku. Kufikia mwaka 1630 kijana alikuwa amerudishwa kisiwani na kukaa kitini kama mfalme Mkristo. Waislamu wa mjini, watu wake mwenyewe, walimtazama kama mgeni. Wareno wa ngomeni nao walimtazama kama mwenyeji wa kuchungwa. Hakuwa na pa kuegemea.

Agosti 1631

Kapteni wa ngome wakati huo alikuwa Pedro Leitão de Gamboa, na hawakuelewana. Inasimuliwa kwamba mfalme alianza kwenda usiku kwa siri kwenye kaburi la baba yake, na huko akaswali Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni. Mpango ukawa kumkamata Jerónimo na kumrudisha Goa akashtakiwe. Naye akaupata uvumi kabla haujatekelezwa.

Tarehe 15 Agosti 1631, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mfalme aliingia Fort Jesus na watu wake. Hakuna kuta zilizobomolewa, hakuna kuzingirwa. Alipitia mlangoni kama mgeni wa heshima, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Akamchoma kapteni kisu. Watu wake wakamaliza walinzi, na ngome ikawa mikononi mwake.

Kama muvi ingeishia hapo, ukumbi mzima ungesimama kupiga makofi. Mtoto aliyepokonywa baba amerudi, amevua jina la kupewa, anaitwa Yusuf tena. Lakini stori haiishii hapo.

Wareno wa mjini walikimbilia nyumba ya watawa, wake kwa waume na watoto wao. Kwa siku kadhaa walishikiliwa humo. Yusuf akawapa sharti: waache dini yao, ama wafe. Waliokataa waliuawa. Inakadiriwa Wareno wapatao 150 walipoteza maisha, wakiwemo wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa. Hao wa mwisho ni watu wa pwani hii hii, na hawakuwa wamemuua baba ya mtu. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama wafia dini wa Mombasa.

Hapa ndipo shabiki wa kweli anapojulikana. Ni rahisi kumpenda Yusuf wa kaburini, na ni rahisi kumchukia Yusuf wa nyumba ya watawa. Kazi ngumu ni kukubali kwamba ni mtu mmoja.

Mfalme anageuka haramia

Goa haikunyamaza. Januari 1632 kundi kubwa la meli za kivita lilifika kuirudisha Mombasa. Lakini ndani ya ngome alikuwemo mtu aliyesomea vita kwao, aliyejua mizinga yao na mbinu zao. Wakapigana hadi Machi, wakashindwa, wakaondoka. Dola iliyotawala bahari ilifukuzwa na mwanafunzi wake.

Hata hivyo Yusuf alijua watarudi. Hakuwa na dola nyuma yake, na miji mingi ya pwani haikuja kumpa mkono wa kutosha. Mei 1632 akafanya uamuzi ambao hadi leo unaweza kuubishania: akaiharibu ngome kiasi alichoweza, akaacha mji ukiwa umeharibika, akapanda meli aliyowateka Wareno, akaondoka. Agosti mwaka huo huo Wareno waliingia tena kisiwani na kukuta pametupwa.

Miaka yake iliyobaki aliishi baharini. Huku akionekana pwani ya Arabuni, huku visiwa vya Komoro na Bukini, akizivizia meli za Wareno. Wareno walimsaka wasimpate. Alifariki mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu, akiwa na umri wa miaka 30 na kitu. Hakuiona Mombasa tena akiwa mfalme. Wareno walibaki Fort Jesus hadi Desemba 1698, Waomani walipoitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Nani ameandika hii stori?

Sasa rudi kwenye zile nadharia zenu za Doom. Shabiki makini huwa hauamini muhtasari wa kwanza anaoupata. Anauliza: hii imetoka toleo gani? Nani aliandika? Mwandishi mwingine alibadilisha nini? Ukiambiwa Doom alifanya jambo fulani, unataka kujua kama ni yeye anasimulia, ama ni Reed Richards, hasimu wake.

Mfanyie Yusuf vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu siku zile za Agosti yametoka upande wa Wareno: barua za maofisa na ushahidi uliokusanywa na Kanisa kule Goa, kwa nia ya kuwatambua waliokufa kama wafia dini. Haina maana kwamba ni uongo. Watu walikufa kweli. Lakini ni ushahidi uliokusanywa kwa lengo maalumu, na mashahidi walimjua Yusuf kama muasi. Habari za kaburi, kwa mfano, zimetufikia kupitia watu waliokuwa wakimpeleleza. Alichokisema mbele ya kaburi hilo, na alichokifikiria miaka yote ile ya Goa, hakimo katika ushahidi wao.

Pengo hilo ndilo waandishi wa filamu hulipenda. Alipanga kisasi tangu akiwa mtoto, akavumilia miaka 16 akitabasamu? Ama alikuwa Mkristo wa kweli, akarudi nyumbani akaona vile watu wake wanavyodharauliwa, ndipo moyo ukageuka? Ama alikuwa tu mtu aliyebanwa, aliyesikia kwamba kesho atatiwa pingu, akachomoa kisu leo? Kila jibu linazaa mtu tofauti. Wa kwanza ni mwenye hila. Wa pili ni wa kuliliwa. Wa tatu ni mimi na wewe tukiwa tumekosa njia.

Mimi naegemea huyo wa tatu kwa ile siku ya kwanza, na nasita kwa siku zilizofuata. Kumuua kapteni anayekuja kukukamata ni vita. Kuwaua watoto waliofungiwa ndani siku kadhaa baadaye si kujitetea, hata kama baba yako aliuzwa kwa hongo. Shujaa wetu anaweza kubaki mkubwa bila sisi kuruka ukurasa huo. Tukiuruka, tutakuwa tumefanya kile kile tunacholalamikia: kuandika stori ya upande mmoja.

Na kama unadhani ni mzaha, siku ukienda Fort Jesus, usikimbilie kupiga selfi kwenye mizinga. Simama kwanza chini ya lango ukatazame juu. Kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe, ya mwaka 1639. Yanamsifu Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, kwa kuijenga upya na kuwaadhibu watu wa pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu.

Huyo dhalimu ndiye Yusuf. Katajwa kwa cheo cha adui tu. Jina lake halimo, la baba yake halimo. Karibu miaka 400 sasa, kila anayepita lango lile anapita chini ya toleo la aliyeshinda. Latveria haipo kwenye ramani yoyote, na bado vijana wa Kibokoni na Majengo wanaujua utoto wa Doom hatua kwa hatua. Ya Yusuf nayo yanahitaji mtu wa kuyachora. Ukiwa na kalamu na karatasi, ukurasa wa kwanza uko wazi: mtoto wa miaka 7 juu ya sitaha, meli inang'oa nanga, Mvita inazama nyuma yake.