Daktari Felkin na Mizizi Miwili

Mguuni pangu pana kovu la jembe. Nilijikata shambani nilipokuwa mtoto. Bibi yangu alitafuna majani fulani, akayabandika juu ya jeraha, akalifunga kwa jani la mgomba. Nyama ikaota, ngozi ikajifunga. Bibi alifariki mwaka jana, nami sikumwuliza kamwe jina la majani yale. Ndiyo maana maisha ya Daktari Robert Felkin yalinigusa sana nilipoyasoma.

Felkin alizaliwa Uingereza mwaka 1853. Kabla hajamaliza masomo ya udaktari, alitumwa na Chama cha CMS kuja Uganda. Yeye na wenziwe walipita njia ya mto Naili, wakafika Rubaga, makao ya Kabaka Mutesa, mwezi wa Februari 1879. Kabaka alikuwa mgonjwa, naye Felkin akamtibu.

Mwaka huohuo, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, aliona jambo la ajabu. Mwanamke wa miaka 20 hivi alishindwa kumzaa mtoto wake wa kwanza. Mganga alimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalewa kidogo. Kisha akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaliosha na tumbo la mgonjwa. Akapasua, akamtoa mtoto akiwa hai, na palipotoka damu alipachoma kwa chuma cha moto. Akalifunga jeraha kwa pini 7 za chuma na uzi wa mbugu, akalipaka dawa nzito ya mizizi ya namna mbili iliyotafunwa. Juu yake akaweka jani la mgomba na kitambaa cha mbugu. Siku zilizofuata pini ziliondolewa chache chache, na dawa ikapakwa upya. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona.

Zamani zile, hata Ulaya, wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Felkin alihitimu udaktari mwaka 1884, na mwaka huo aliwaeleza madaktari wa Edinburgh yote aliyoyaona. Baadaye alihamia New Zealand, akafa huko mwaka 1926.

Mwili wenyewe ndio unaootesha nyama mpya. Dawa njema huusaidia, na huzuia vijidudu visiuharibu. Felkin alihesabu pini na siku, tena namshukuru, maana bila yeye tusingejua lolote. Lakini hakuandika jina la mganga, wala majina ya ile mizizi miwili. Hapa Kampala, katika Wandegeya, iko taasisi ya Serikali inayochunguza dawa za miti shamba. Wataalamu wake waweza kuupima mzizi walioletewa. Mzizi usiojulikana jina wataupata wapi?

Basi wenzangu, likizo imekaribia. Mwenye bibi aliye hai na aende na daftari. Mimi nimechelewa.