Daktari Aliyeipima Bangi kwa Mizani

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Mimi niliyaficha yangu kwa muda wa miaka mitatu. Nilikuwa nikifundisha katika shule iliyo chini ya mlima wa Sagalla, si mbali na mji wa Voi, na kila asubuhi nilizijua hatua zote kutoka ubaoni hadi chooni. Tumbo lilinisokota, nikaenda haja mara nane au tisa kwa siku, na aghalabu niliona damu. Wenzangu niliwaambia ni amiba. Nilipokonda hata suruali ikanipwaya, ndipo nilipokwenda kwa daktari bingwa. Akaniingiza mpira wenye kamera, akaviona vidonda ndani ya utumbo, akanieleza kuwa nina ugonjwa wa Crohn, ambao hutulizwa kwa dawa lakini hauna tiba ya kuung'oa.

Habari za mgonjwa hazikai ndani ya nyumba. Jioni moja alinijia jirani yangu, mzee asiyenitakia ila heri, akanipa kifurushi cha karatasi. Ndani mlikuwa na bangi. Alikuwa amesikia kwamba ng'ambo wagonjwa kama mimi huandikiwa majani hayo na daktari, nao hula na kulala usingizi. Juma lilo hilo mwanafunzi wa kidato cha tatu akaniuliza, mbele ya darasa zima, iwapo ni kweli kwamba bangi ni dawa, na kama ni dawa, kwa nini watu hufungwa kwa ajili yake.

Sikuwa na jibu la jirani wala la mwanafunzi. Ndipo nilipoanza kusoma habari za mtu aliyejiuliza swali hilo zamani kabla yetu, William Brooke O'Shaughnessy.

O'Shaughnessy alizaliwa mwaka 1808 huko Limerick, nchini Ireland. Alisomea udaktari Edinburgh, Scotland, akahitimu mwaka 1829. Alipofika London aliukuta mlango umefungwa, kwani shahada yake haikumpa ruhusa ya kutibu watu katika mji ule. Akageukia kemia, akawa mpimaji wa sumu na damu. Mwishoni mwa mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Madaktari wa zama zile waliwatoa wagonjwa damu, ilhali wagonjwa wenyewe walikwisha kukauka kwa kuhara. Kijana huyu wa miaka 23 alisafiri hadi huko, akaipima damu ya wagonjwa, akaona kuwa imepungukiwa maji na chumvi. Kilichopotea kwa njia ya utumbo, alishauri, kirudishwe mwilini. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, akayatia maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa waliokuwa wakikata roho, na baadhi yao wakainuka. Chupa ya maji tunayoiona ikining'inia juu ya kitanda cha mgonjwa hospitalini ina asili yake katika kazi hiyo.

Mwaka 1833 aliingia katika utumishi wa Kampuni ya Mashariki ya India, akapelekwa Calcutta. Chuo cha udaktari kilipofunguliwa huko mwaka 1835, yeye akawa profesa wa kemia. Katika mji ule bangi iliuzwa hadharani. Watu waliivuta, waliinywa, waliila katika vitamutamu, na waganga waliitumia kutibu. Msomaji asidhani kwamba Calcutta ni mbali sana na Voi. Neno lenyewe, bangi, lilitujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari.

Mgeni yule angeweza kuidharau dawa ya wenyeji kwa kuiona ushirikina, au kuipokea kwa kuwa wengi wanaisifu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kwanza aliwaendea wanazuoni wa Kihindu na wa Kiislamu, wakamweleza yaliyomo katika vitabu vyao vya kale. Kisha aliwapa wanyama: samaki, mbwa, nguruwe, tai, kima, mbuzi na ng'ombe. Akaandika kwamba wala nyama walilewa sana na wala majani hawakulewa ila kidogo. Hapo ndipo alipothubutu kuwapa binadamu, tena kwa kipimo kidogo kilichopimwa kwa mizani.

Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1839. Wagonjwa wa baridi yabisi walipata nafuu ya maumivu. Mtoto mchanga mwenye degedege alipona. Baadhi ya wagonjwa wa pepopunda, ambao kwa kawaida walikufa wakiwa wamekakamaa, misuli yao ililegea na wakaokoka. Aliijaribu pia kwa wagonjwa wa kipindupindu. Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Bangi ilimtuliza, akaweza kumeza chakula kidogo, hofu ikampungua. Hata hivyo alikufa. O'Shaughnessy hakulificha hilo. Aliandika kwamba dawa ilimwondolea mgonjwa mateso, wala hakudai kwamba ilimwondolea ugonjwa. Tena aliwaonya wasomaji wake juu ya kuweweseka kunakowapata wanaoitumia mfululizo.

Aliporudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1840 alibeba bangi, na mfamasia wa London, Peter Squire, akaikamua na kutengeneza dawa ya maji. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Ulaya na Marekani waliitumia. Iliyoiangusha kwanza haikuwa polisi. Nguvu yake haikuwa sawa kutoka chupa moja hadi nyingine, na dawa mpya zenye kipimo cha hakika zikaipita. Sheria za kuipiga marufuku zilifuata baadaye.

Yeye mwenyewe alikwisha kwenda njia nyingine. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1843, akarejea India, akakabidhiwa kazi ya kueneza nyaya za simu za maandishi kote nchini, na kwa kazi hiyo Malkia Victoria alimpa cheo cha heshima mwaka 1856. Alifariki Januari 1889 nchini Uingereza.

Basi mtu huyu angeniambia nini juu ya kifurushi kile? Naamini angeuliza kwanza ni nini kimepimwa. Upo utafiti uliofanywa Israel na kutangazwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 21 wa Crohn. Kati ya 11 waliovuta bangi kwa majuma manane, 10 walipata nafuu kubwa; kati ya 10 waliovuta majani yaliyotolewa nguvu, 4 walipata nafuu hiyo. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine wa nchi hiyo hiyo, wa mafuta ya bangi yanayomezwa. Wagonjwa walijisikia vizuri zaidi, lakini madaktari walipoutazama utumbo kwa kamera waliuona uvimbe haukupungua kuliko wa wale wasiopewa dawa.

Hapo nikakumbuka methali niliyoanza nayo. Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ukimlaza, mwizi hajaondoka. Mgonjwa wa Crohn aliyetulizwa anaweza kuacha dawa zake akidhani amepona, na huku utumbo unaendelea kuliwa hadi uzibe au utoboke.

Kifurushi nilikirudisha kwa adabu, nikamshukuru mzee kwa huruma yake. Nilimweleza kwamba sijui kilichomo, wala nguvu yake, wala kipimo kinachonifaa. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 1994, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2022, bado humhesabu mwenye msokoto kuwa mkosaji. Safari iliyofuata nilimweleza daktari wangu kila kitu, kuanzia damu niliyoificha hadi bangi niliyopewa. Hakunicheka. Alibadilisha dawa zangu, na leo naweza kumaliza vipindi viwili bila kuutazama mlango.

Darasani nilijibu hivi: bangi ina kitu cha kutuliza, nacho kilionekana tangu 1839; lakini kutuliza si kuponya, na dawa isiyo na kipimo ni bahati nasibu, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake ungali unakua. Walimu wenzangu, tusiwajibu vijana kwa vitisho vitupu, maana watausikia ukweli nusu mahali pengine na kutuona waongo. Na vyuo vyetu vya udaktari visisubiri kuletewa majibu kutoka ng'ambo. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Sisi nasi tunao wagonjwa, tunao wataalamu, na mizani tunazo. Haifai mgonjwa wa Sagalla aachwe achague kati ya uvumi wa jirani na pingu za askari.