TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Aliyeona na Asiyeona



Ndugu yangu, leo ukishaswali Alfajiri usikimbilie kulala. Hebu toka nje utazame mlimani. Asubuhi mawingu hayajapanda bado, Kibo iko nyeupe juu kule. Wewe umeizoea. Lakini kuna mtu alikanushwa kwa kusema tu kwamba ameiona.

Ni Johannes Rebmann, Mjerumani aliyezaliwa 1820. Hakuwa Muislamu, alikuja huku kuhubiri dini yake. Lakini haki ya mtu haipotei eti kwa sababu hatuswali naye. Aprili 1848 alitoka Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara. Tarehe 11 Mei, asubuhi, akaona weupe juu ya mlima. Kwanza akadhani wingu. Akamuuliza aliyemwongoza njia, akaambiwa ni baridi tu. Yeye aliyekulia kwenye nchi ya theluji akaitambua palepale. Msafara ukaendelea mpaka Kilema, hapo juu yetu, kwa Mangi Masaki.

Habari ikachapishwa Uingereza 1849. Akatokea msomi wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, mtu wa vitabu vingi ambaye hakuwahi kufika nchi hizi. Akakataa katakata: theluji karibu na ikweta, haiwezekani!

Kosa lake ni lipi? Aliangalia ikweta, akasahau kimo. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Si unaona mwenyewe? Hapa Himo ni joto, vumbi na migunga. Panda daladala hadi Marangu, unakuta migomba, kahawa na mvua. Juu yake msitu mzito, kisha vichaka vya nchi ya baridi, kisha mawe matupu, halafu barafu, kwenye mita 5,895. Mama anayeshuka na ndizi kuja sokoni Himo analijua hilo mwilini mwake: anaondoka na sweta, akifika huku analivua.

Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Ukweli ukasimama. Rebmann aliendelea kukaa Rabai. Mkewe alifia huko, na macho yake yakaanza kupotea. Aliporudi kwao 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, na mwaka uliofuata akafariki. Macho yale yaliyoona Kibo yalizimika, lakini ushahidi wake haukuzimika.

Sasa tujiulize, mimi na wewe. Ni mara ngapi tumemwita mwenzetu muongo kwa jambo ambalo hatujalifuatilia? Mtu kaleta habari ya mwezi, au jirani kasema ndani hamna cha kufuturu, sisi tumekaa kwenye mkeka tunakanusha. Suratul Hujurat imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua. Kuhakikisha maana yake unyanyuke uende ukaone. Kumkataa mtu ukiwa umekaa si kuhakikisha.

Kazi ya leo: kuna mtu ulimkatalia neno lake bila kuchunguza. Kabla ya Magharibi mpigie simu, umsikilize upya. Ukikuta alisema kweli, muombe radhi.

Allah atupe macho ya kuona na ndimi za kusema haki. Aamin.

Futari njema.