John Logie Baird: Aliyetangulia na Akapitwa

Mtu akiulizwa ni nani aliyetangulia kuwaonyesha watu televisheni, mara nyingi hulitaja jina la John Logie Baird, naye hakosei. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa utaratibu wa Bwana huyu wa kurusha picha, uliposhindanishwa na wa wenziwe mbele ya taifa zima, haukutimiza hata miezi mitatu. Napenda kuwasimulia maisha yake, maana naona yana mafundisho mawili: moja juu ya mtu mvumilivu, na la pili juu ya shida inayowapata watu nchi inapokuwa na taratibu mbili za kufanya jambo moja.

Baird alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1888, katika mji wa Helensburgh, magharibi ya Scotland. Baba yake alikuwa kasisi, na yeye alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Tangu utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, lakini mwili ulipolala akili haikulala. Angali mvulana, alitandaza nyaya za simu kutoka kwao mpaka kwa rafiki zake waliokaa jirani, akaunda na mtambo mdogo wa umeme wa kuwasha taa katika nyumba ya baba yake.

Alisomea ufundi wa umeme katika chuo huko Glasgow, kisha akaingia Chuo Kikuu cha mji huo, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikamkatiza masomo. Alipotaka kuingia jeshini alikataliwa kwa sababu ya afya yake. Akafanya kazi katika kampuni ya umeme, akaiacha, akajaribu biashara. Aliuza soksi zilizotiwa dawa ya kukausha miguu, zikampa faida. Mwaka 1919 alivuka bahari mpaka kisiwa cha Trinidad kutengeneza jamu ya matunda, lakini wadudu wakamwingilia masufuriani, na maradhi yakamrudisha Uingereza, akauza sabuni. Kila kazi ilipoanza kusimama, afya iliiangusha. Hata mwaka 1923, akiwa na umri wa karibu miaka 35, alikwenda kukaa Hastings, mji wa pwani ya kusini, ili apate hewa nzuri. Hakuwa na kazi, na fedha zake zilikuwa chache. Hapo ndipo alipoazimia kuunda mashine ya kuonea mbali.

Yafaa nieleze kwanza jinsi picha inavyorushwa, maana bila ya hayo ugomvi utakaofuata hautafahamika. Picha nzima haiwezi kupita hewani kwa mara moja. Hukatwa mistari mistari, kama ukurasa wa kitabu. Mashine husoma mstari wa kwanza, kisha wa pili, mpaka wa mwisho, ikigeuza mwanga na giza kuwa nguvu za umeme. Mashine ya upande wa pili huiandika tena mistari ile kwa mpango ule ule na kwa mwendo ule ule. Picha nyingi zikifuatana upesi, jicho hudanganyika, likaona watu wanatembea. Mistari ikiwa michache, picha huwa na ukungu. Ikiwa mingi, huwa safi. Nayo mashine inayopokea ni lazima ihesabu sawasawa na ile inayorusha. Moja ikihesabu 240 na nyingine 405, mtazamaji hataona kitu ila fujo.

Mjerumani mmoja, Paul Nipkow, alikuwa ameandikisha mwaka 1884 fikira ya kukata picha kwa sahani inayozunguka, yenye matundu yaliyopangwa kama mzingo wa konokono. Baird aliishika fikira hiyo. Mashine yake ya kwanza aliiunda kwa sanduku la kofia, sanduku la chai, sindano za kushonea soksi, lenzi za taa za baiskeli, gundi na lakiri. Mwaka 1924 alifaulu kuonyesha vivuli vya vitu. Mwezi wa Julai mwaka huo, umeme wa volti zaidi ya 1,000 ulimtupa chini. Alipona, lakini mwenye nyumba akamtaka ahame, naye akahamia London, katika vyumba vya juu vya mtaa wa Frith.

Tarehe 2 Oktoba, 1925, aliona katika kioo chake uso wa mwanasesere aliyempa jina la Stooky Bill, si kivuli tena, bali uso wenye macho na mdomo. Alikuwa akimtumia mwanasesere kwa sababu taa zake zilikuwa kali mno. Akashuka mbio mpaka ofisi ya chini, akamchukua kijana mtumishi, William Taynton, akamketisha mbele ya taa zile. Kijana alikimbia joto, ikabidi apewe fedha kidogo ndipo akubali kuketi tena. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye uso wake ulionekana katika televisheni ya Baird. Tarehe 26 Januari, 1926, Baird aliwaalika wanachuoni wa Royal Institution kiasi cha 40, wakapanda ngazi zile nyembamba, wakashuhudia kwa macho yao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1927 alipeleka picha kutoka London mpaka Glasgow kwa waya wa simu, mwendo wa maili 438. Mwaka 1928 alizivusha Bahari ya Atlantiki mpaka karibu na New York, na mwaka ule ule akaonyesha picha za rangi. Tarehe 30 Septemba, 1929, picha zake zilianza kurushwa kwa mitambo ya B.B.C., Shirika la Utangazaji la Uingereza. Lakini zilikuwa za mistari 30 tu. Katika mashine zilizouzwa madukani, picha haikuzidi sana ukubwa wa kibiriti. Ilitosha kuonyesha uso wa mtu. Uwanja wa mpira haukuonekana kitu.

Na hapa ndipo nionapo chanzo cha msiba wake. Sahani yenye matundu ina mpaka. Ukitaka mistari mingi, yakupasa utoboe matundu mengi na madogo zaidi, na tundu likiwa dogo, mwanga unaopita ni haba. Wakati Baird akisumbuka na magurudumu, watu wengine walikwisha kuanza kuusoma mwanga kwa miali ya umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambamo hamna kitu kinachozunguka. Katika Uingereza kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya E.M.I., chini ya uongozi wa Isaac Shoenberg, mzaliwa wa Pinsk, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Urusi.

Mwaka 1934 Serikali iliunda halmashauri chini ya Bwana Selsdon ili iamue utaratibu utakaotumiwa. Januari 1935 halmashauri ilitoa shauri ya kuwa picha ziwe na mistari isiyopungua 240, picha 25 kwa kila sekunde, na ya kuwa makundi mawili, la Baird na la Marconi-E.M.I., yajaribiwe kwa zamu katika kituo kimoja. Baird alichagua mistari 240 iliyotakiwa. Shoenberg alithubutu kuahidi 405, tena kwa ufundi wa kuandika kwanza mistari isiyo shufwa, kisha ile iliyo shufwa, ili picha isimemeteke machoni.

Kituo kilifunguliwa Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba, 1936. Kura ilipopigwa, Baird alipata kutangulia. Kisha makundi yakapokezana, juma hili huyu, juma lijalo yule. Wasomaji, tafakarini shida iliyokuwapo. Palikuwa na studio mbili, mitambo miwili na mafundi wa namna mbili kwa kazi moja. Mnunuzi naye alilipa bei isiyo mbali na ya motokaa ndogo kwa mashine yenye swichi ya kugeuzia utaratibu kila zamu ilipobadilika. Hakujua ni upande upi wa swichi ile ungekuwa na faida mwaka wa pili.

Tofauti ya taratibu hizo ilionekana upesi. Kamera ya umeme ya E.M.I. ilisukumwa kokote, hata nje bustanini. Upande wa Baird, msemaji aliketi katika chumba cha giza, mwanga ukimpitia usoni. Michezo mikubwa ilipigwa kwanza katika filamu, na filamu ile ikasafishwa kwa dawa papo hapo, ikasomwa ingali mbichi, muda wa dakika moja hivi baada ya tendo lenyewe. Kamera ile ilifungwa mahali pamoja pamoja na mabomba yake ya maji na dawa, haikuweza kumfuata mchezaji. Mara nyingine sauti iliharibika. Wachezaji walilichukia juma la Baird. Juu ya hayo, usiku wa tarehe 30 Novemba, 1936, jumba la Crystal Palace, zilipokuwa karakana zake, liliteketea kwa moto. Mtangulizi wake Baird katika ufundi alikuwa ni uvumilivu, lakini uvumilivu hauzimi moto. Tarehe 30 Januari, 1937, utaratibu wake ulirushwa kwa mara ya mwisho, na Serikali ikatangaza ya kuwa mistari 405 ndiyo itakayotumiwa peke yake.

Je, alidhulumiwa? Wako wanaosema hivyo. Mimi naona hukumu ilikuwa ya haki, tena ilikuwa vema kuitoa upesi. Mashindano yale yalifanywa hadharani, kila mmoja akapewa nafasi yake, na aliyeshinda alishinda kwa kazi yake. Kama Serikali ingeona haya kumkataa mtu mashuhuri, watu wangebaki na swichi mbili kwa miaka mingi, na kila mwaka mashine za kuacha zingezidi kuwa nyingi. Lakini methali yetu yasema, Mgala muue na haki umpe. Bila ya miaka kumi ya Baird ya kusumbua watu milangoni, sijui kama ingeundwa halmashauri ya kuamua lo lote mwaka ule.

Jambo linalonivutia zaidi ni lile alilolifanya baada ya kushindwa. Hakukaa akilalamika. Alijenga maabara nyumbani kwake, akaendelea kwa fedha zake mwenyewe hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yakianguka London. Na mtu huyu aliyeng'ang'ania magurudumu sasa aliyaacha. Mwezi wa Agosti 1944 alionyesha chupa ya televisheni ya rangi, ya umeme mtupu, isiyo na kitu kinachozunguka. Halmashauri nyingine, ya Bwana Hankey, ilipokuwa ikifikiri utaratibu wa baada ya vita, alishauri picha za rangi zenye mistari kiasi cha 1,000. Halmashauri ilikubali kuwa hilo ni lengo jema la baadaye. Lakini kwa kuwa mashine za 405 zilikuwa tayari katika nyumba za watu, ikataka kazi ianze tena kwa zile zile. Televisheni ilifunguliwa tena tarehe 7 Juni, 1946. Baird alifariki dunia tarehe 14 mwezi huo, huko Bexhill, akiwa na miaka 57, akamwacha mkewe Margaret, mpiga piano mzaliwa wa Afrika ya Kusini, na watoto wawili. Alizikwa Helensburgh.

Na huo uchaguzi wa 405, uliokuwa mwema mwaka 1937, baadaye uligeuka kuwa kamba. Marekani ilitumia mistari 525, nchi nyingi za Ulaya 625, na Ufaransa kwa muda 819. Uingereza, iliyotangulia, ikabaki nyuma kwa kuwa haikutaka kuwaharibia watu mashine zao. Ilipoanzisha mistari 625 mwaka 1964, wanunuzi walirudia kununua mashine zenye swichi, kama wazee wao wa 1936. Mistari 405 haikuzimwa mpaka Januari 1985. Nchi zetu, kwa kuwa zilichelewa, zilikuta njia imekwisha kufyekwa, zikaanza moja kwa moja na 625: Kenya mwaka 1962, na Zanzibar, kwa picha za rangi, mwaka 1973.

Hata hivyo shida hii haikutupita sisi. Wazazi wetu wanaukumbuka usiku wa 31 Desemba, 2012, mitambo ya zamani ilipozimwa Dar es Salaam, na televisheni nzima, zisizo na ubovu wo wote, zikawa sanduku tupu mpaka kinunuliwe king'amuzi. Mabadiliko yalikuwa na faida, kwa kuwa picha ni safi zaidi na vituo ni vingi zaidi. Lakini gharama ya kubadili utaratibu humwangukia sana mtazamaji, ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo, wenzangu, tusimkumbuke Baird kama mtu aliyeshindwa tu. Tumkumbuke kama mtu aliyefungua mlango, wengine wakapita mbele yake, naye akawafuata badala ya kuketi kizingitini. Na wale kati yetu watakaokuwa mafundi na watumishi wa Serikali, siku watakapokaa katika halmashauri kuchagua utaratibu mmoja kati ya miwili, wapime kazi, wasipime jina. Kisha wamfikirie yule mwenye mashine moja tu nyumbani, aliyeinunua kwa akiba ya mwaka mzima.