Enoch Sontonga: Mwalimu aliyetunga mahadhi ya wimbo wetu wa taifa

Asubuhi katika shule zetu, kuanzia hapa Likombe hadi Msimbati na Kilambo, wanafunzi husimama mstarini wakaimba Mungu Ibariki Afrika mbele ya bendera. Mtu mzima anayepita jirani naye husimama. Wimbo huu tumeupenda tangu utotoni, lakini aliyetunga mahadhi yake ni wachache wanaomjua. Leo tunakuletea, msikilizaji wetu, habari za maisha yake.

Alikuwa nani?

Enoch Sontonga alizaliwa takriban mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya na mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, wakapata mtoto mmoja wa kiume.

Johannesburg ya wakati ule ulikuwa mji wa migodi ya dhahabu. Waafrika walifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo, na haki zao zilikuwa chache. Katika mazingira hayo, mwalimu huyu aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika katika daftari. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa Kixhosa, wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumsimika mchungaji.

Alikufa bila kujua

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na umri wa miaka 32 hivi. Hakuuona wimbo wake ukitoka nje ya kwaya na makanisa. Daftari lake lilikuwa likiazimwa huku na kule, mwishowe likapotea. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita tu, fedha ndogo sana hata kwa wakati ule.

Lakini kwaya ziliendelea kuuimba. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri jijini London. Mwaka 1927 mshairi S. E. K. Mqhayi aliuongezea beti saba.

Ulivyofika kwetu

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mahadhi ya Sontonga yakawa ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Muungano wa 1964 bendera ilibadilika, ikaingia rangi ya buluu, lakini mahadhi yakabaki yaleyale. Zambia nayo huimba mahadhi hayo kwa maneno yake.

Afrika Kusini kwenyewe ilichukua muda mrefu zaidi. Wapigania uhuru wake waliokaa Mazimbu na Dakawa, mkoani Morogoro, waliuimba wakiwa uhamishoni. Ulitambuliwa rasmi kuwa wimbo wa taifa lao mwaka 1994.

Kwa miaka mingi hata kaburi la Sontonga halikujulikana lilipo. Lilipatikana katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, na mwaka 1996 Rais Nelson Mandela akazindua mnara wa kumbukumbu yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Ubeti wetu wa kwanza unaiombea Afrika, na wa pili ndio unaoiombea Tanzania. Sisi wa Mtwara tunajua maana ya mpangilio huo. Ng'ambo ya Ruvuma wapo ndugu zetu, na hapa Naliendele wamelala askari wetu waliokufa wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Walivuka mto kwa ajili ya uhuru wa jirani.

Kuipenda bendera na wimbo wa taifa si kusimama wima tu. Ni kuzijua beti zote mbili na kuelewa tunachoomba. Mtoto wako akirudi kutoka shule akiuimba, mweleze kwamba mahadhi yake yalitungwa na mwalimu wa shule kwa ajili ya wanafunzi wake, na jina lake ni Enoch Sontonga.